Kilio Ndani ya Wasia

Kwetu pwani, msomaji, kusitiri moyo huanza katika salamu. Mtu aliyekesha na mgonjwa huulizwa alfajiri, "Habari za nyumbani?" naye hujibu, "Njema." Huulizwa za watoto, akajibu njema, huulizwa za kazi, akajibu njema vile vile. Salamu zikisha kutimia kama zipasavyo, ndipo huja neno dogo "ila", na nyuma ya ila hiyo huja habari yenyewe: mama amezidiwa, au mtoto hakuamka. Mgeni asiyetuzoea hudhani kwamba watu hawa ni waongo. Sivyo. Yule aliyejibu njema hakukusudia kumdanganya mtu. Amejipa muda wa kuikamata sauti yake isimponyoke, na amempa mwenziwe muda wa kukaa sawa kabla ya kutwikwa mzigo.

Mimi nasomesha Mishomoroni, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, mahali ambapo nyumba nyingi ni za vyumba vya kupanga vinavyotazamana mlango kwa mlango, na ukumbi mmoja katikati. Jirani hukusikia ukikohoa, hukusikia ukihesabu fedha, hukusikia ukigombana. Kitu cha pekee asichokiona, usipotaka akione, ni kile kilicho nyuma ya uso wako utokapo asubuhi na ndoo yako kwenda kuteka maji. Watu waishio hivi hujua kwamba uso ndio ukuta wa mwisho alionao mtu. Sishangai basi kuona lugha yao imejaa maneno ya jambo hili: kusitiri, kustahimili, kujikaza, kupiga moyo konde, kufa kikondoo. Angalia lakini kwamba maneno haya si mamoja. Aliyepiga moyo konde ameamua; aliyekufa kikondoo ameshindwa. Kwa macho ya mpita njia wawili hao hufanana kabisa, maana wote wamenyamaza.

Hapo pana swali linalomhusu msomaji wa mashairi. Tumezoea kuambiwa ya kuwa shairi ni moyo uliofunuliwa. Ikiwa ni hivyo, mtu aliyelelewa katika adabu ya kuufunika moyo wake aweza kutunga shairi lililo hai? Au atatunga maneno ya adabu tu, yaliyopangwa vina vizuri, yasiyo na damu ndani yake? Nataka tulitazame swali hilo kwa kuusoma Utendi wa Mwana Kupona, ambao wanafunzi wengi huujua kwa jina na huuogopa kwa Kiamu chake.

Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi huu mwaka 1858. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate, aliyepambana miaka mingi na nguvu za Sayyid Said wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane wake alikuwa mgonjwa, naye alikuwa na binti mdogo, Mwana Hashima, ambaye alikuwa hajamfundisha yote aliyotaka kumfundisha. Akamtungia wasia. Husemwa kuwa mama huyo alifariki yapata mwaka 1860.

Sasa, utendi huu umefikaje mikononi mwetu? Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha huko Uingereza pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na juu ya kitabu wakaandika kwamba hayo ni mawaidha ya Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke. Walifanya kazi kubwa, na shukrani wanastahili. Walakini jina la kitabu ni kama miwani: ukisha kuivaa, huoni ila rangi yake. Tangu hapo wengi wameusoma utendi huu kama orodha ya amri. Mume akilala usimpigie kelele, umpepee, umkande, umchekeshe, usishindane naye. Walimu wengine huusifu kwa sababu ya amri hizo, na wengine huukemea kwa sababu ya amri hizo hizo, na makundi hayo mawili, japokuwa hayapatani, yameusoma utendi kwa njia moja. Yote mawili yamezitazama amri, yakamsahau anayeamuru.

Tumtazame, basi. Mwanzoni anamwita binti yake asogee karibu, na anamwambia alete wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana habari ataka kumwambia. Halafu anasema kwamba maradhi yamemshika hata yametimiza mwaka mzima, na kwa muda wote huo hakupata kumtamkia neno la maana. Maneno hayo ni machache na hayana pambo. Soma tena polepole, ukifikiri hali ya chumba kile. Mama yu kitandani mwaka mzima, mtoto anaingia na kutoka, anaona yote, wala hakuna aliyesema. Kwa nini hakusema? Kwa maradhi tu? Mimi sidhani. Mtu huweza kuomba maji akiwa mgonjwa. Neno analoshindwa kulitamka ni lile ambalo likitamkwa litakuwa buriani. Mwana Kupona haliandiki neno buriani. Haandiki kwamba anaogopa kufa na kumwacha mtoto mdogo katika mji uliotoka vitani. Badala yake anasema atampa hirizi ya kufunga kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Vitu hivyo ni maneno yake mwenyewe, amevipa sura ya vito ili mtoto avipokee kwa furaha. Hofu imefunikwa kwa zawadi.

Ukilielewa hilo, hata zile amri ndogo ndogo hubadilika sura. Mtu anayekaa na kumwandikia mwanawe namna ya kujipamba, namna ya kusema na wakubwa, namna ya kukaa mbele za watu, anajua ya kuwa hatakuwapo kumwonyesha kwa mkono. Mama mzima haandiki mambo hayo; huyasema jikoni siku baada ya siku. Wingi wa mafundisho katika utendi huu ndio kipimo cha hofu ya mwenye kufundisha, na kadiri anavyozidi kuamuru kwa sauti tulivu ndivyo ninavyozidi kuisikia hofu hiyo.

Kisha, katikati ya utendi, panatokea jambo ambalo nawaomba wasomaji wasilipite mbio. Mwana Kupona anataja ndoa yake mwenyewe ili iwe mfano. Anasema alikaa na baba yake Hashima kwa furaha na kicheko, wala hawakuvunjiana heshima. Faradhi ilipokuja, mume alimkariria radhi yake mara kwa mara, akashukuru. Mpaka hapo tumo katika mafundisho bado: mke akifanya hivi, mume hufa akiwa radhi. Mara katika ubeti unaofuata anasema ya kuwa tangu siku hiyo hata leo kilio chake hakijakoma, kila akumbukapo raha zile na wingi wa mazoea yao.

Ni ubeti mmoja. Hakuna fundisho ndani yake; binti hawezi kujifunza amri yoyote kwa kuusoma. Hausaidii hoja, na mtunzi mwenye kupenda utaratibu angaliuondoa. Lakini ndio ubeti unaotufungulia utendi mzima. Mwanamke huyu aliyezuia sauti yake katika beti nyingi, aliyekuwa mke wa mtu mkubwa, aliyejua kuwa maneno yake yatasomwa na wengine, amekiri kwamba analia na hajaacha kulia. Wala hakuchagua neno kubwa la msiba. Kinachomliza ni mazoea, yaani vile vitu vidogo vya kila siku ambavyo mtu havioni mpaka vikatike. Baada ya ubeti huo anarudi katika mafundisho kama mtu aliyejifuta uso kwa ncha ya leso na kuendelea kupakua chakula. Laiti angalilia katika beti ishirini, tungalimhurumia na kupita. Amelia katika ubeti mmoja, na kwa hiyo tunazirudia beti zilizotangulia tukizishuku zote: hapa napo alikuwa analia? Na hapa je?

Hilo ndilo jibu langu kwa swali nililoliweka. Kusitiri hakuui shairi. Kunalihamisha lile lililo kali kutoka mahali pa wazi na kulitia mahali ambapo lazima msomaji alitafute, na kutafuta huko humfunga msomaji na mtunzi kwa kamba ambayo kilio cha wazi hakiwezi kuifuma. Lakini sharti liwepo tundu. Chungu kilichofunikwa kabisa hakitoi harufu, na apitaye hajui kama ndani mna chakula au mna maji matupu. Tendi za mawaidha zilizokosa tundu hilo ni nyingi, na sioni haja ya kuwachosha wanafunzi nazo.

Mwaka mmoja, tukiusoma utendi huu darasani, msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwani huyu mama hakuwa na hasira hata siku moja?" Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Huzuni imepata ubeti wake, hasira haikupata. Mke anaambiwa amchekeshe mume, wala mume haambiwi neno. Anaambiwa kwamba radhi ni tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume, na kwamba Siku ya Kiyama mume ataulizwa anamtakia mkewe mahali gani. Mtu anaweza kusema ndivyo ulivyokuwa ulimwengu wa Siu wakati ule, nami nakubali. Walakini mhakiki hana ruhusa ya kunyamaza kwa kuwa jambo ni la kale. Katika utendi huu mzigo wa kusitiri haukugawanywa sawasawa. Mwanamke amefundishwa kuufunika moyo wake ili nyumba ikae kwa amani, na mwanamume ameachiwa huru kuufunua wake apendavyo. Adabu inayomdai mmoja tu ina kasoro, hata ikisemwa kwa maneno matamu kama haya.

Na liko jingine lililo zito zaidi, ambalo aghalabu halisemwi mbele ya wanafunzi. Mwana Kupona anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Basi ndani ya nyumba ile walikuwamo watu wengine, waliopepea na kukanda na kuteka maji, nao pia walikuwa na mioyo. Hao walisitiri kuliko wote, maana aliyemilikiwa hakuwa na ruhusa hata ya kununa. Kutoka hapa niandikapo si mbali kwenda Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele yao ndiyo iliyowapa watu jina la Kengeleni. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907. Kwa hiyo tunapousifu ustadi wa Mwana Kupona wa kutia kilio ndani ya wasia, tukumbuke ya kuwa alikuwa na wino, na karatasi, na binti wa kumwandikia. Kusitiri kwake kulikuwa na mahali pa kwenda.

Hapo ndipo naona tofauti kubwa kati ya ukimya na ukimya. Ili tuione vizuri, tuondoke Siu na karne ile, tuje Mombasa ya miaka ya 1960. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, aliandika mwaka 1968 karatasi iliyoitwa "Kenya: Twendapi?" ya kuipinga serikali, na kwa sababu hiyo alifungwa tangu 1969 hata 1972. Huko kifungoni alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika katika karatasi za chooni, na mwaka 1973 yalichapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la kiongozi yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Jambo hilo halihitaji maelezo yangu.

Mfungwa huyu anasitiri pia, lakini si kwa haya wala kwa adabu. Anajificha kwa mwenye nguvu. Katika shairi la "Mamba" anasema habari za mnyama anayeutegemea ubabe wake. Katika "Jipu" anasema habari za uvimbe na maumivu yake. Askari akiliona la pili ataona malalamiko ya mgonjwa. Msomaji aliyekulia Mombasa, mji ambao mashairi yake yalikwisha kubeba mafumbo ya siasa tangu siku za Muyaka bin Haji na Wamazrui, hachukui muda kujua ya kuwa jipu hilo halikuota katika ngozi ya mtu mmoja. Ghadhabu, ambayo Mwana Kupona hakuipa ubeti, hapa imepewa kitabu kizima. Na hata hivyo imevishwa nguo. Kwa maoni yangu mashairi ya kitabu hicho yaliyovaa nguo yana nguvu kuliko yale yanayosema waziwazi. Katika haya ya pili mtunzi anatuambia alivyokasirika, nasi tunamsadiki. Katika yale ya kwanza tunakasirika sisi.

Wengine watasema mambo haya ni ya washairi, na watu wa kawaida hawana utendi wala diwani. Wanayo yao. Mwanamke wa Mombasa aliyeudhiwa na jirani haendi kugombana ukumbini. Huenda mjini kutafuta leso yenye jina linalofaa, akaivaa siku ya arusi ambapo jirani yule hana budi kuiona, akamwamkia kwa heshima zote. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zina chapa ya "Mali ya Abdulla", limekuwapo Mombasa tangu mwaka 1887, na sidhani kama wenye duka wanajua ni ugomvi mangapi wamewauzia watu kwa jozi. Mwenye leso akiulizwa, atajibu kwamba alipenda rangi. Uzuri wa jambo hili ni kwamba majibu yake hayawezi kukanushwa, na maana yake haiwezi kukosewa. Naweka leso katika mjadala huu si kwa mzaha. Ni maandishi, yana mtunzi, yana msomaji aliyekusudiwa, na yana fumbo. Aliyezoea kusoma leso hahitaji mwalimu wa kumweleza ubeti wa Mwana Kupona.

Lakini wavulana? Hili linanishughulisha kuliko yote niliyoyasema, maana nawaona kila siku. Mvulana wa Mishomoroni huambiwa tangu utotoni kwamba mwanamume halii. Akifiwa na baba, hukaa matanga pamoja na wanaume nje, hupewa mkono wa tanzia na watu wengi, hupanga viti, hubeba sufuria; siku ya nne yumo darasani, na ukimuuliza hali hujibu "sijambo". Hiyo ni salamu ya kwetu, nami nimekwisha kuitetea. Walakini katika salamu niliyoieleza nyuma ya "njema" huja "ila", na huyu mtoto hakufundishwa kuitamka. Leso hana, utendi hatungi. Huandika, pengine, neno moja nyuma ya tuktuk siku atakapoipata ya kuendesha. Na msidharau maandishi hayo, msomaji, yasomeni mkiwa njiani, maana baadhi yake ni diwani za watu wasio na karatasi. Mpaka siku hiyo ukimya wake hauna pa kwenda. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, na sidhani walikuwa na homa tu katika fikira zao.

Kwa hiyo sipendi utendi huu usomeshwe kwa wasichana peke yao, kana kwamba ni kitabu cha upishi. Mpeni mvulana ubeti ule wa kilio. Mwambieni kwamba aliyeuandika alikuwa mke wa mpiganaji, mtu wa nyumba kubwa, mwenye kujua adabu kupita sisi sote, naye hakuona kuwa heshima yake imepungua. Mwambieni pia atazame ulipowekwa: si mwanzoni, wala si mwishoni, bali katikati ya maneno ya kazi.

Likabaki jambo moja la kutazama. Wasia ulianza kwa mama na binti wakiwa faraghani, wino na karatasi kati yao. Unapokaribia kwisha, Mwana Kupona anawageukia wanawake wote na kuwahimiza wasome. Basi alijua tangu awali kwamba ubeti wa kilio hautabaki chumbani. Angaliweza kuufuta. Badala yake anaomba dua kwa ajili ya jamaa zake, kisha, kama ilivyo desturi ya watunzi wa tendi, anaandika tarehe ya kazi yake kwa hesabu ya Hijria: mwaka 1275.